Mjane Tuliyemwombea

Sipendi vitabu vinavyonifundisha kuishi. Niliseme hilo mapema tusisumbuane. Madereva ninaosafiri nao wanavipenda mno, vile vya namna ya kufanikiwa, na kila tukipiga kambi hakosi mmoja wa kunishauri nisome walau sura moja nibadilike. Nibadilike niwe nani? Mimi ni mpishi wa kambi. Nawapikia wageni juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kazi iliyoniotesha mvi, na mpaka leo sijaona kitunguu kilichomenywa kwa fikra nzuri.

Ninachopenda ni riwaya. Tena iwe nene, imeandikwa na mtu asiye na haraka, ina watu wanaolima, wanaogombea mpaka wa shamba, wanaonuniana msimu mzima ndani ya nyumba moja kisha wanapatana kwa sababu ng'ombe kazaa. Watu wakila ndani ya kitabu, nataka kuambiwa wanakula nini. Mwandishi akisema wakala wakashiba, akapita zake, namwona mvivu. Alishindwa nini kutaja mboga?

Vitabu vya upelelezi navyo nasoma, lakini hivyo ni vya kazini. Asubuhi wageni wakishashuka kreta na lanchiboksi zao, sisi wapishi tunabaki na ukungu. Wenzangu hulala au hucheza karata. Mimi nageuza ndoo, naikalia, mgongo naupa ukuta wa jiko wenye joto, nafungua kitabu. Wananitania kwamba nasomea upadri uzeeni. Kambini mtu hukatizwa kila mara, mara nyani kaingia jikoni, mara sufuria inafurika, ndiyo maana pale nasoma upelelezi. Aliyeuawa ukurasa wa kwanza hana pa kwenda. Ukirudi utamkuta palepale.

Riwaya hazikuwa za kambini. Riwaya zilikuwa za nyumbani Qurus, na zilikuwa za mama.

Mimi ni kitinda mimba. Kwetu Wairaqw kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na boma la wazazi. Wakubwa hupewa chao wakaenda. Wangu walikwenda, mmoja Mbulumbulu kwenye ngano, wengine Arusha. Baba akafariki, nikabaki na mama. Sikuoa. Mtu akiniuliza kwa nini, na mimi namuuliza yeye kwa nini alioa, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu: bei, salamu, na matusi mawili matatu ya kumtosha mwizi wa kuku. Kwa hiyo nilikuwa naichukua sentensi kwa Kiswahili machoni, naitoa kwa Kiiraqw mdomoni. Ukizoea si kazi ngumu. Bahari ndiyo iliyotusumbua. Nilimwambia ni kama Ziwa Manyara tunavyoliona kutoka juu, ila haina ng'ambo. Akafikiri, akasema basi anayejenga nyumba pembeni ya kitu kama hicho ana roho ngumu, tuendelee.

Sasa kuna jambo moja lazima nilieleze, la sivyo hutanielewa. Kwetu maneno marefu hayasemwi mbele ya watu walionyamaza. Mzee akisimama kutoa slufay, ile dua yetu ya kubariki watu na mifugo na mvua, waliokaa humwitikia kila anapovuta pumzi. Wasipomwitikia, atamwombea nani? Mama aliichukua desturi hiyo akaihamishia kwenye riwaya. Kila sentensi niliyoisoma aliiitikia kwa "ee" fupi ya kooni, mikono yake ikichambua maharage kwenye ungo. Sentensi ikimfurahisha, ee ilikuja kabla sijamaliza. Ikimchukiza, ilichelewa. Mtu wa kitabuni akidanganya, mama hakuitikia kabisa, na mimi nikajua huyo kashakwisha. Nilisoma hivyo miaka na miaka, sikio moja kwenye ile ee. Sikujifunza kusoma riwaya kwa namna nyingine.

Tena alikuwa na sheria. Nikienda safari, kitabu hakiendi. Alikiweka mwenyewe juu ya kabati la vyombo, na ganda kavu la hindi ndani yake kuonyesha tulipofika. Alisema akisikia nimesoma bila yeye, nitafute mwingine wa kunipikia ugali. Mpishi mzima natishwa kwa ugali.

Kitabu cha mjane nilikinunua mnadani Karatu, kwa muuza mitumba aliyekuwa ametandaza turubai kati ya masufuria na viatu. Jalada lilikuwa limechanika likaisha, hivyo jina lake hatukulijua. Tuliita tu kitabu cha mjane. Mwanamke kafiwa na mumewe, na kabla udongo wa kaburi haujakauka shemeji zake wamelichukua shamba. Wamemwachia nyumba na kuku. Walidhani ataondoka. Hakuondoka. Kila asubuhi alitoa mafiga nje, akapika mahali ambapo lazima wamwone wakienda kulima shamba lake. Mwandishi huyo alijua kazi yake, alitaja na mboga.

Mama kitabu kile kilimshika vibaya. Alikuwa anachambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Nikitaka kufunga anauliza shemeji mkubwa kasemaje, nikimwambia tutajua kesho ananiangalia kana kwamba na mimi nimekula njama.

Basi siku moja narudi kutoka safari, gari limeniacha njia panda, natembea na begi langu. Nikakutana na jirani yetu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, mama mtu mzima, jembe begani. Tukasalimiana. Kwa kawaida baada ya salamu watu walikuwa wakinipita. Siwalaumu. Watu huulizana habari za watoto, za mama watoto, za shule. Mimi mtu aniulize nini? Lakini siku hiyo hakupita. Aliuliza kama yule mjane karudishiwa shamba.

Nikamwuliza mjane gani. Akasema yule wenu, anayeombewa na mama yako. Nikabaki nimesimama pale kwenye vumbi, mambo yananijia taratibu. Jumuiya yetu hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Ikifika wakati wa maombi, kila mmoja hutaja wa kwake: mgonjwa, mtoto aliye kwenye mtihani, hata ng'ombe aliyepotea. Kumbe mama alikuwa anamtaja mjane. Alisema kuna mama mmoja kanyang'anywa shamba na shemeji zake, anamfahamu vizuri, wamsaidie kumwombea. Wenzake wakadhani ni ndugu yetu wa upande wa Mbulu, na kata nzima ikapiga magoti.

Nilifika nyumbani nimefura. Sikungoja hata chai.

"Mama, yule ni mtu wa kitabuni."

"Kwani wa kitabuni hawaombewi?" akasema. "Kila Jumapili padri anatusomea watu wa kitabuni, na wewe unasimama na kukaa."

Nikatua begi, nikaomba chai.

Tangu hapo nikawa mtu mwenye habari. Mashineni nikisubiri debe langu lisagwe, waliniuliza mjane. Dukani, mjane. Nikitoka kanisani, wanawake wananizunguka. Sikuwadanganya, nilijibu ukweli kama ulivyokuwa kitabuni: bado, shemeji mkubwa kakataa, mdogo anaanza kulegea. Bibi mmoja akasema huyo mdogo ndiye wa kumshika. Mzee wa Endabash aliyekuja kwa mkwewe, na ambaye alikuwa na ugomvi wake wa mpaka, alinisimamisha akanieleza kwa urefu kwamba mjane asiende kwa mtu yeyote kabla ya baraza. Nilimwambia nitafikisha. Nikacheka njia nzima mpaka nyumbani, na ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha.

Baada ya mavuno jumuiya ikamchangia mjane debe la maharage. Waliyaleta wenyewe, wakiimba. Nikamtazama mama nione atatokaje hapo. Aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa niaba yake, akayatia kwenye kiroba akakisimamisha pembeni ya kitanda chake. Walipoondoka nikamwuliza nimpelekee wapi. Akasema yakae, siku yake itafika, na nisijaribu kuyapika.

Mama alifariki masika, mimi nikiwa kambini. Hakuugua. Alijilaza mchana, hakuamka. Pale kambini simu hushika mtandao kwenye kilima kidogo karibu na tangi la maji, na ndipo nilipompata mwenyekiti wa jumuiya, akinieleza polepole kwa Kiiraqw. Nilirudi jikoni. Nikaionja supu, nikaongeza chumvi, ndipo nikamwambia dereva.

Tulizika. Ndugu zangu walikuja, wakalia, wakala, wakaangalia paa na kusema lina kutu, wakarudi kwao. Nikabaki na nyumba, kiroba cha maharage, na kitabu juu ya kabati na ganda lake la hindi. Tuliishia mahali mjane kaitwa barazani. Kajifunga kanga mbili, kafungua mlango, yuko kizingitini.

Nilijaribu. Jioni moja nilikishusha, nikakaa kwenye kigoda changu, nikasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, kwa Kiiraqw, kama siku zote. Nikangoja. Nyumba ilikuwa kimya hata niliwasikia kuku wakijisogeza bandani. Nikakirudisha juu. Sikukigusa tena. Niliona nikiendelea nitakuwa nimemwacha pale kwenye ungo wake, hajui yaliyompata mtu wake. Na nisipoendelea, basi bado tunasoma, yeye na mimi, tumesimama kidogo tu. Ujinga, najua. Lakini ndilo nililokuwa nalo.

Niseme wazi kwamba nilikuwa mpweke. Nilikuwa nikiwasikia wageni wakigombana ndani ya tenti, mtu na mkewe, kwa lugha nisiyoijua, nikawaonea wivu. Hata upelelezi uliniisha hamu. Nilikaa kwenye ndoo yangu natazama ukungu, na wale waliokuwa wakinitania upadri wakaacha kunitania, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Watu wa Qurus ndio hawakuacha. Pole ya msiba, kisha, na yule mjane? Najibu bado. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, bado. Nilianza kupita njia ya mabondeni nisikutane na mtu.

Ndipo mwenyekiti akaja hadi mlangoni. Zamu ya jumuiya ilikuwa imefika kwangu, wangekutana nikirudi kutoka safari iliyokuwa mbele yangu. Akaongeza kwamba siku hiyo watu wangependa wasikie habari ya mjane ilipofikia, yote, kwa kuwa hawawezi kuendelea kuomba kama vipofu. Nilitaka kumwambia ukweli wote pale pale. Aliniangalia tu, akafunga kanga yake vizuri, akaenda.

Nilikitia kitabu kwenye begi, katikati ya sweta. Ilikuwa mara ya kwanza kitabu cha nyumbani kupanda Ngorongoro.

Wageni waliposhuka kreta nikageuza ndoo. Nikasoma kwa Kiswahili, kimyakimya, kama watu wasomavyo. Maneno hayakuingia, yalipita kama magari. Nikaanza kutoa sauti, nikaona Kiiraqw kinakuja chenyewe, na mwenzangu wa kumenya viazi akauliza naongea na nani. Nikachukua ndoo nikahamia nyuma ya tangi la maji. Huko nilisoma sentensi kwa sentensi, natafsiri, namsomea mtu asiyekuwapo, na kila mwisho wa sentensi natulia kidogo kumpa nafasi. Sikusikia kitu. Lakini nilijua. Hapa ingekuja mapema. Hapa angechelewa. Hapa shemeji mkubwa anaapa, hapa mama asingeitikia kabisa.

Shemeji mdogo ndiye aliyesimama akasema kweli. Yule bibi wa Qurus alikuwa ameona mbali. Mjane akarudishiwa shamba lake lote, na kitabu kinaisha akiwa peke yake pale shambani jioni, anang'oa magugu, hana wa kumpa habari.

Nikafunga kitabu nikalia nyuma ya tangi kama mtoto. Nililia kwa sababu ile sentensi ya mwisho sikujua angeiitikiaje. Zote nilizijua isipokuwa hiyo. Wageni walirudi na vumbi lao wakakuta hata viazi havijachemka, na ni mara pekee katika kazi yangu nimechelewesha chakula.

Siku ya jumuiya nilitoa mabenchi nje, nikachemsha chai ya maziwa na viazi vitamu. Walijaa. Ilipofika maombi, kila mtu akataja wa kwake, wakafika kwangu. Mimi kwenye jumuiya sijawahi kufungua mdomo ila kwa kula. Nikasimama, nikasema kwamba yule mama amerudishiwa shamba lake lote.

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa mbwa wa majirani. Wakaimba, wakamshukuru Mungu, wakamtaja mama yangu kwamba maombi yake yamesikiwa huko aliko. Kisha mmoja akauliza, sasa ana mbegu? Shamba bila mbegu ni nini? Wakakumbuka kiroba. Wakakubaliana wote kwamba yale maharage yasiwe tena ya kula, yawe ya kupanda, niyapeleke kabla ya mvua.

Wakaondoka kundi kwa kundi. Mwenyekiti alibaki kunisaidia vikombe. Alisuuza, mimi nikafuta.

"Mama yako aliniambia tangu mwanzo ni wa kitabuni," akasema.

Nikamwuliza basi kwa nini alimwachia, kwa nini na yeye aliniuliza njiani kama hajui. Akasuuza kikombe kilichokwisha suuzwa. Akasema mama alimfuata nyumbani kwake akamwambia hivi: mwanangu hana mtoto wa kuulizwa, hana mke wa kuulizwa. Nikifa, watu watamsalimia na kumpita. Nitawaachia kitu cha kumwuliza.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikifuta sana.

"Sasa shamba limerudi," akasema mwenyekiti. "Tutakuuliza nini?"

Kutoka pale nilipokuwa, mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi na kiroba kilionekana kimesimama pembeni ya kitanda.

"Niulizeni maharage," nikasema.

Nilichambua kiroba chote kwenye ungo wake, yaliyotobolewa na wadudu nikayatupa. Mvua zilipoanza niliyapanda kwenye kile kipande cha mama kilicho kando ya njia, ambacho nilikuwa nimekiachia magugu tangu tulipomzika. Yameota. Watu wakipita wanasimama. Wananiuliza kama yamepata mvua ya kutosha, kama ndege hawajashuka, na mimi naegemea jembe najibu, nayaeleza kwa urefu, hata wengine wananiaga mara mbili.

Jioni nasoma. Nilirudi mnadani nikapata riwaya nyingine, nene, hii inalo jalada. Nakaa kwenye kigoda changu, ungo umeegemea ukuta mahali pake. Nasoma sentensi kwa sauti, kwa Kiiraqw. Nangoja kiasi cha ee moja. Kisha nasoma inayofuata.